Wajina Chini ya Mstari

Karakanani,
6 Februari 2023

Wajina wangu,

Shikamoo yako niliipokea kwa simu wiki iliyopita, na marahaba yake naitia humu, maana ulikata kabla sijamaliza kuitikia. Ndiyo sababu naandika. Simu na wewe ni "sawa shangazi, sawa shangazi," halafu kimya. Barua huwezi kuikata. Dereva wa lori la chakula cha kuku hupita chuoni kwenu, amekubali kuwa tarishi wetu kwa malipo ya mayai. Usimweke getini muda mrefu, ana domo.

Sisi hatujambo. Bibi yako mguu umempa nafuu, anatembea mpaka mlangoni na kurudi huku akilalamika njia nzima, dalili kwamba amepona. Baba yako kastaafu, na kazi yake mpya ni kunisahihisha. Juzi kasimama nyuma yangu nikiunga waya za thamostati ya mashine ya vifaranga, ananiambia, "Dada, hiyo nyekundu si ilikuwa kushoto?" Mtu aliyefundisha historia maisha yake yote! Nimempa ufagio.

Sasa lenyewe. Baba yako ananiambia utafiti wako wa mwisho unahusu kwa nini mayai mengi yanafia ndani ya mashine ndogo za kutotoleshea, na kwamba katika kupekua mtandaoni umeukuta ukurasa wangu na unataka kuurejelea. Nikamuuliza kurejelea ndiyo nini. Akasema ni kumtaja mtu uliyechukua maneno yake. Nikamwambia, kumbe lina na jina!

Wewe ulikuwa mdogo walipokuja wale wa chuo, watatu na kamera. Niliwapa viti, nikawafungulia mashine, nikawaeleza kwa nini feni inakaa juu na si pembeni. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu. Mashine yangu imechorwa mpaka bawaba, na chini ya mchoro: "imebuniwa na mafundi wa mtaani." Mafundi! Mimi ni wangapi?

Kwa hiyo nauliza kama mteja anavyouliza kabla ya kununua. Nikitajwa, natajwaje? Jina linakaa wapi? Mbele, katikati, au kule nyuma kabisa ambako msomaji hafiki kwa sababu amekwisha kusinzia? Nijibu kwa kirefu.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake,
24 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hii usiniitikie haraka, nitasubiri. Naandika juu ya ubao wa kupigia pasi maana meza ni moja na sisi tuko wanne. Afya njema. Mwenzangu wa kitanda cha juu anaota kwa sauti, na ndoto zake zote ni mitihani. Mwambie bibi viatu alivyonipa havijaisha, ila vimeanza kusema.

Swali lako limenifurahisha kuliko maswali yote niliyoulizwa hapa. Idara yetu haitulazimishi mtindo mmoja wa kurejelea. Unachagua mwenyewe, ila ukishachagua ni ndoa, huruhusiwi kuwa na wa pembeni. Wanaochumbia ni watatu.

Wa kwanza ni mwandishi na mwaka. Katikati ya sentensi unafungua mabano, unaandika jina la ukoo na mwaka, unafunga. Wa pili ni namba. Unaweka saba ndani ya mabano ya mraba, na anayetaka kumjua huyo saba anakwenda mwisho wa kazi. Wa tatu ni tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa, chini ya kile kistari.

Mimi moyo wangu uko kwa namba. Vyanzo vyangu vingi ni vya mtandaoni, na anwani zake ni ndefu kama kamba ya kuanikia. Namba inazificha zote. Na chanzo cha mtandaoni kina mambo: unaandika mwandishi, tarehe, kichwa cha ukurasa, anwani yake, na siku uliyousoma.

Ukurasa wako umeandikwa na "Fundi Joto", na kanuni inasema nitumie jina nililolikuta. Kwa hiyo ndivyo utakavyoitwa.

Kile kijitabu nimekikuta maktaba, rafu ya chini. Bawaba ni zako. Nimezitambua kabla ya kusoma neno hata moja.

Wajina wako

*

Karakanani,
10 Machi 2023

Wajina,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni tatu, moja ya akiba.

Bibi yako anasema viatu vinavyosema vipelekwe kwa fundi kabla havijaanza kutukana. Baba yako amehitimu ufagio, sasa namfundisha kupima plaiwudi. Anapima mara moja, anakata mara mbili.

Namba sitaki. Sikiliza, mimi nimeishi kwa namba. Nyuzi 37 na nusu, trei sita, siku ishirini na moja: kila kitu changu ni namba, na ndiyo maana najua zinafaa wapi. Namba ni ya yai. Yai namba saba likioza unalitoa, unaweka lingine, na bado ni namba saba. Mtu hawekwi hivyo. Ukiniandika saba, leo ni mimi, kesho umeongeza chanzo kingine juu yangu nimekuwa nane, na mimi sijui!

Chukua yule wa kwanza. Jina ndani ya sentensi, palepale neno lilipo. Anayesoma hana pa kukimbilia, lazima anipite.

Hilo la Fundi Joto lina sababu. Nilipofungua ukurasa niliandika jina langu, na kila aliyepiga simu alisema, "Dada, nipe fundi." Namwambia fundi ni mimi. "Sawa dada, lakini yupo?" Nikabadilisha, nikawataka waniandikie, wasinipigie. Tangu hapo naitwa kaka, na mashine zinauzika. Jina langu lenyewe lina visa vyake hata nyumbani kwetu. Baba yako anavijua, mimi sitaviandika.

Ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nisome barua yako. Siku uliyousoma, ya nini? Kitabu mnaandika siku mliyokisoma? Nikinunua misumari naandika siku niliyoitazama? Nimemuuliza baba yako, akasema "ni utaratibu," yaani hajui. Nieleze.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake,
31 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo. Lori lilichelewa na barua yako ilinusa pumba, nikaipenda zaidi. Viatu vimeshonwa.

Umeshinda. Nimechagua mwandishi na mwaka. Namba saba alinipa talaka bila kelele. Sura mbili za kwanza nimeshazikabidhi kwa msimamizi wangu, na wewe umo mara kumi na moja. Pale ninaposema wafugaji wadogo wanashauriwa unyevu wa asilimia 60 katika siku za mwanzo, mabano yanafunguka na Fundi Joto anatokea.

Siku ya kusoma ni hivi. Kitabu kikishachapwa kimeganda. Ukilinunua toleo lilelile mwaka huu au mwakani, ukurasa wa hamsini ni uleule. Ukurasa wa mtandaoni, mwenye nao anaweza kuubadilisha saa yoyote na usijue. Basi unaandika siku uliyousoma, kama wewe unavyoandika saa unapopima joto la mashine. Ukiniambia "ilisoma 39" bila kusema lini, umeniambia nini? Ndiyo maana mimi kila ukurasa ninaoutumia nauprinti na tarehe yake. Wako niliuprinti tarehe 18 Januari.

Msimamizi ameuliza kama Fundi Joto ana jina kamili. Ameuliza tu. Nikamwambia nitaangalia.

Jopo la kunihoji linakaa Juni. Niombee.

Wajina wako

*

Karakanani,
21 Aprili 2023

Wajina wangu wa damu,

Marahaba, na kaa kitako kabla hujaendelea.

Mfano wa joto la mashine umeniingia. Nimewaeleza watu wawili wasioniuliza. Bibi yako hajambo, amegombana na daktari na ameshinda.

Sasa zawadi yako. Uliposema msimamizi ameuliza jina langu kamili, sikulala juu ya jambo hilo. Profesa mzima ananiuliza jina! Basi tarehe 19 nimeingia kwenye ukurasa, nimemfuta Fundi Joto, nimeweka jina langu, la kwanza na la baba yangu, kama kitambulisho kinavyosema. Nina ngozi ngumu sasa. Mteja mmoja kaandika, "Kumbe dada! Na mimi nilikuwa nakuomba unitafutie mke." Mwingine kaagiza mashine mbili, hakusema neno.

Na kwa kuwa nilikuwa humo, nimesafisha. Lile la asilimia 60 lilikuwa limepitwa. Nilijaribu vipimo vyangu vya unyevu kwa chumvi. Unailowesha chumvi ya mezani mpaka iwe kama uji mzito, unaifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kipimo, unasubiri mpaka kesho yake. Kipimo kizima kitasoma 75, popote duniani. Changu kilisoma 83. Nane za uongo! Maana yake kila niliposema 60, ndani ya mashine ilikuwa 52. Aliyenisikiliza na kipimo chake kizima alikuwa anayazamisha mayai yake. Nimefuta 60, nimeweka 52, sikuacha hata alama. Karakanani kwangu kosa halikai ubaoni. Likikaa, kesho kuna mtu atalifuata.

Kwa hiyo mwambie msimamizi wako afungue aone. Jina lipo, na namba imenyooka.

Shangazi yako, sasa kwa jina lake

*

Bweni,
5 Mei 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako ilifika baada ya msimamizi kufungua ukurasa mwenyewe. Aliniita ofisini. Kompyuta ilikuwa imegeuzwa upande wangu, na juu ya meza palikuwa na sura zangu mbili.

Akaniuliza, "Huyu ni wewe?"

Nikasema hapana.

"Jina la kwanza ni lako. La mwisho ni lako. Mwezi uliopita nilikuomba jina la mwandishi, ukasema utaangalia. Tarehe 19 ukurasa umebadilishwa, likatokea jina hili. Umeandika 60, hapa pana 52. Niambie wewe, ungekuwa mimi ungeamini nini?"

Shangazi, ningekuwa yeye ningeamini anachoamini. Chuo kinatuandikisha kwa jina la kwanza na la mwisho. La kwanza nimepewa lako. La mwisho kwangu ni la babu, na babu ndiye baba yako. Kwenye karatasi hakuna shangazi na mpwa. Kuna mtu mmoja aliyejitengenezea ukurasa ili ajirejelee mwenyewe mara kumi na moja.

Nikamwonyesha nakala niliyoprinti Januari. Akaitazama, akasema mwenye ukurasa anaweza kuprinti chochote na kukiandika tarehe yoyote. Shauri limepelekwa kwenye kamati ya idara. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kuthibitisha kwamba mwandishi ni mtu mwingine, la sivyo siingii kwenye jopo, na kosa la kubuni chanzo halina mtihani wa marudio. Unafunga sanduku.

Nakuomba mawili. Usiuguse ukurasa tena hata nukta. Na nitumie nakala ya kitambulisho chako.

Halafu, kwa kuwa lazima niandike sababu ya namba kubadilika, jaribio la chumvi ulilitoa wapi?

Wajina wako

*

Karakanani,
29 Mei 2023

Wajina,

Marahaba. Lori lilikatika ekseli, barua yako imekaa gereji kwa watu. Dereva kaja nayo leo na uso wa msiba kana kwamba ameisoma, na bila shaka ameisoma. Nimemwambia asizime injini, naandika amesimama.

Nakala ya kitambulisho hii hapa, mbele na nyuma. Nimeongeza leseni ya biashara, na picha yangu nimeshika trei nikiwa nimesimama na baba yako, ili waone kwamba mimi nipo na nina miaka yangu. Ukurasa sijaugusa. Mikono inaniwasha, lakini sijaugusa. Mambo ya kuombana radhi tutayafanya uso kwa uso, karatasi hii ni fupi.

Ila barua yako nimeisoma, na kuna sentensi moja nimeitafuta humo sikuiona. Alipokuuliza, "Huyu ni wewe?" ukasema hapana. Hapana, halafu? Mbona hukusema, "Ni shangazi yangu"? Tangu Februari unakaa na huyo mtu, sura mbili, mara kumi na moja, na hujamwambia Fundi Joto ni nani wako. Nimehesabu barua zako zote, hilo halimo. Wale watatu wa kamera walikuwa wageni, sikushangaa sana. Wewe ni wa kwetu.

Chumvi niliisoma kwa mfugaji mmoja wa mtandaoni anayejiita Jogoo Mstaafu. Ndiyo, sikumwandika kwenye ukurasa wangu. Ndiyo, najua. Funga mdomo wako.

Nikitakiwa kuja, nakuja. Nina sketi nzuri.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake,
2 Juni 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo nyingi, na mpe bibi zake, na baba, na dereva pia, maana aliendesha kama aliyebeba mgonjwa. Karatasi zako zilinifikia siku moja kabla ya mwisho.

Nikujibu kwanza ulichouliza, kwa sababu kinaniuma kuliko kamati. Sikumwambia kwa sababu niliogopa angesema nimeokota utafiti wangu nyumbani. Wenzangu vyanzo vyao ni maprofesa wa ng'ambo wenye herufi tatu mbele ya jina. Mimi chanzo changu kikubwa kinanipigia simu kuniuliza kama nimekula. Niliona ukiwa Fundi Joto tu utakuwa na uzito zaidi. Na siku niliyomtaja Fundi Joto mbele yake mara ya kwanza, alicheka. Sikukwambia. Hayo ndiyo hayakuwemo kwenye barua zangu.

Sasa kamati. Niliingia na kitambulisho, leseni na picha. Mmoja akaitazama picha muda mrefu akauliza huyo mwanamume mwenye ufagio ni nani. Nikasema ni baba yangu, kaka wa mwandishi. Nilikuwa na kingine pia. Zipo tovuti ambazo kazi yake ni kupita mtandaoni zikihifadhi nakala za kurasa kama zilivyokuwa siku fulani, na hakuna mwenye ukurasa anayeweza kuzichezea. Wako ulihifadhiwa Desemba. Fundi Joto yupo, na asilimia 60 ipo. Msimamizi akalinganisha na nakala yangu ya Januari mstari kwa mstari. Zilifanana mpaka makosa.

Akavua miwani. "Kwa hiyo huyu ni shangazi yako."

"Ndiyo."

"Na mna jina moja."

"Ndiyo. Nimepewa lake."

"Na namba aliibadilisha kwa sababu aligundua kipimo chake kinadanganya?"

Hapo, shangazi, sauti yake ilikuwa nyingine. Akataka kujua chumvi kiasi gani, maji kiasi gani. Akamtuma mtu akalete kipimo cha maabara yao. Kesho yake kilisoma ngapi sitakwambia, ni aibu ya idara. Ila sura yangu ya nne sasa inahusu vipimo vya bei rahisi, na ameiomba aisome kabla ya wengine.

Mashtaka yamefutwa. Lakini alisema jambo moja la haki: ndani ya mabano hakuna nafasi ya kueleza haya. Jina na mwaka tu, na jina ndilo lililotuponza. Nimepewa ruhusa ya kuvunja ndoa. Nimehamia tanbihi, nimerudia marejeo yote tangu la kwanza. Najua ulitaka ukae ndani ya sentensi ambako msomaji lazima akupite. Nimekushusha chini ya mstari. Nimefanya hivyo kwa sababu huko tu ndiko kulikuwa na nafasi ya kusema wewe ni nani. Inasomeka hivi:

"Mwandishi wa ukurasa huu ni shangazi wa mtafiti, fundi wa mashine za kutotoleshea, ambaye uliposomwa tarehe 18 Januari 2023 alikuwa akitumia jina la Fundi Joto. Mtafiti na mwandishi wana jina moja. Mtafiti aliitwa kwa jina la shangazi yake, kwa makusudi. Kiwango cha unyevu kilichotajwa hapa kilirekebishwa baadaye na mwandishi mwenyewe, kwa sababu zinazoelezwa katika Sura ya Nne."

Jopo ni tarehe 14. Ukikasirika, kasirika baada ya hapo.

Wajina wako

*

Karakanani,
16 Juni 2023

Wajina,

Marahaba. Najua jopo lilikuwa juzi, na sijapiga simu kwa sababu bibi yako amenikataza, anasema nitakutia mkosi. Anakaa na simu yangu chini ya mto. Baba yako anajifanya hana wasiwasi, amekata plaiwudi nzuri tatu bila kupima.

Nilikasirika, nisikufiche. Nikasema wale waliniweka chini ya mchoro, huyu wangu kaniweka chini ya ukurasa, mimi ni wa chini tu. Kisha nikaisoma tena. Wale waliandika mstari mmoja na sikuwemo. Wewe umeandika mistari kadhaa na kila mahali ni mimi. Nikasema haya, hata msingi wa nyumba uko chini. Ukinukuu hilo, nitaje.

Ukurasa sasa nimeugusa, maana mashtaka yamefutwa. Nimeirudisha 60, nimeipiga mstari katikati, pembeni nimeandika 52, tarehe na sababu. Sikudhani kosa lililoachwa wazi linaweza kuwa na faida. Tangu hapo watu wanaandika kila siku: "Na changu kinasoma 81, nifanyeje?" "Changu 70!" Walipoliona kosa langu wameenda kutafuta la kwao. Chumvi imepanda bei mtaani, nadhani ni sisi. Na Jogoo Mstaafu nimemtaja, tena nikamwandikia kumwambia. Amejibu kwa adabu kwamba si yake, aliisoma kwa mwingine, mkulima wa uyoga. Nimemwandikia mkulima wa uyoga. Hili jambo lina mwisho?

Sasa nikushike. Umeandika, "kwa makusudi." Nani kakwambia? Umetoka kamatini kwa kushukiwa kubuni, na palepale kwenye tanbihi ya kujitetea umebuni! Mimi ninavyojua, uliitwa hivyo kwa sababu bibi yako aliishiwa na majina.

Nikueleze nilichokataa kuandika Machi. Mwaka uliozaliwa mimi nilikuwa sikanyagi pale nyumbani. Nilikuwa mwalimu mwenye ajira, nikaiacha, nikaenda kushika spana kwa fundi wa majokofu. Marehemu babu yako aliona nimemvua nguo hadharani. Alitoa amri jina langu lisitajwe ndani ya nyumba yake. Halikutajwa. Wakinizungumzia walisema "yule". Habari ya kwamba umezaliwa niliipata kwa muuza mafuta ya taa, na jina lako yeye ndiye aliyeniambia. Nilidhani ananitania.

Basi niambie. Kwa makusudi ya nani? Chanzo chako ni kipi?

Shangazi yako

*

Nyumbani kwa bibi,
3 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika hapa juma lililopita na wewe uko safarini kufunga mashine kwa mteja, kwa hiyo naiacha barua hii mezani kwako karakanani, chini ya koleo, isipeperuke.

Nimefaulu, na marekebisho madogo. Lazima nifupishe sura ya pili, nieleze vizuri nilivyochagua wafugaji, na mtahini wa nje katika jopo ameuliza kuhusu tanbihi yako. Hakutaka itoke. Ameweka alama ya kuuliza kwenye maneno mawili, "kwa makusudi," akaandika pembeni: "Ushahidi?" Mmefanana sana.

Nimeutafuta. Nauandika kama kanuni inavyotaka, maana mazungumzo nayo ni chanzo, yana mwenyewe na yana tarehe.

Baba, mazungumzo ya ana kwa ana, jikoni kwa bibi, 2 Julai 2023. Alikuwa anamenya viazi. Sikumsahihisha neno:

"Mzee alikataza jina la dada lisitajwe humu ndani. Sikuwa na ubavu wa kubishana naye. Nikasema nikipata binti nitamwita hivyohivyo. Mtoto ataitwa kula, ataitwa kuoga, ataitwa akichelewa shule. Watalitaja watake wasitake."

Nikamuuliza babu alifanyaje. Akasema babu hakugomba. Aliniita "mtoto" tu, miezi na miezi, mpaka nilipoanza kutambaa. Siku moja nikaelekea kwenye jiko lenye moto na hapakuwa na mtu karibu ila yeye, amekaa kwenye kiti chake upande wa pili wa chumba. Akalipaza jina lako mpaka majirani wakatoka nje.

Wajina wako